Kamusi ya Waziri wa Adabu

Mimi ni Zebulon, mwana wa Tadeo, mwana wa Mzungwana, mwana wa Kifundo. Nawataja wazee hawa mwanzoni ili msomaji ajue kwamba habari hii haikuandikwa na mtu aliyeokotwa njiani. Kifundo alikuwa mshenga wa vijiji saba, na hakuna ndoa aliyoisimamia ikavunjika. Mzungwana, mwanawe, alikuwa mkalimani wa Bwana Shauri enzi za wageni. Siku moja Bwana Shauri alitamka barazani kwamba asiyelima pamba atachapwa viboko ishirini na vinne, kisha akamnong'oneza Mzungwana aifasiri kauli hiyo kwa upole. Mzungwana akawageukia watu, akasema, "Anasema mtachapwa viboko ishirini na vinne, na anaona haya mkijua." Akachapwa yeye kwanza, vyote ishirini na vinne. Akainuka, akajipangusa vumbi, akauliza kama liko neno jingine la kufasiri. Tadeo, baba yangu, alikuwa mwalimu mkuu aliyeadhibu kila kosa la tahajia kwa fimbo nne, wala hakumpunguzia hata mtoto wake wa kumzaa. Ushahidi ninao mgongoni.

Nami nilifundisha Kiingereza kwa miaka thelathini na minane, kwa fimbo ya baba yangu, katika Jamhuri ya Unyofu. Nchi hiyo msomaji hataiona katika ramani yoyote, ingawa huenda amewahi kulala rumande huko. Ni nchi yenye utaratibu mzuri. Wananchi wake hupigwa kwa Kiswahili na hupewa haki zao kwa Kiingereza, ili mambo hayo mawili yasigongane. Sheria zote zimeandikwa kwa Kiingereza kwa sababu za usafi, maana kitu kinachoshikwa na watu wengi huchafuka.

Iko desturi moja iliyo juu ya sheria zote hizo. Kila kilichopigwa chapa na Serikali na kutiwa nembo ya Taifa, yaani ngumi iliyoshika rula, ni amri, na lazima kitekelezwe kama kilivyoandikwa. Hakuna anayeuliza. Mwaka wa kwanza wa uhuru, orodha ya nguo chafu za Baba wa Unyofu ilichanganyika na karatasi za Bunge, ikapigwa chapa, ikatoka na nembo. Kwa miezi kumi na miwili kila mwananchi alifua mashati sita na jozi nne za soksi kila Jumatatu. Wasiokuwa na soksi walifungwa.

*

Waziri wa Adabu, Mheshimiwa Barnaba Chondoma, alikuwa mwanafunzi wangu. Asubuhi moja alikuja kwangu na magari manne, akavua kofia mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Chomekea shati."

Akachomekea. Walinzi wake nao wakachomekea.

Kisha akanieleza shida yake. Serikali ilikuwa imetia saini Mkataba na mataifa rafiki, na kifungu cha tisa kilisema kwamba hakuna mtu katika Jamhuri ya Unyofu atakayepigwa. Neno lililotumika lilikuwa "beat", kitenzi cha kawaida kabisa, ambacho hata mtoto wa darasa la nne anakijua.

"Tulitia saini kwa moyo mkunjufu, Mwalimu. Kulikuwa na chakula. Lakini sasa askari wamekaa tu. Virungu vinaota ukungu. Juzi nimemwona mwananchi anatembea katikati ya barabara huku anacheka."

"Na kwangu umefuata nini?"

"Ulitufundisha kwamba Kiingereza ni lugha tajiri, na kwamba kila kitenzi kina ndugu zake. Mkataba umekataza kitenzi kimoja, Mwalimu. Ndugu zake haukuwataja."

Naungama kwamba nilifurahi. Tangu nistaafu ilikuwa imepita miaka minane, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyeniuliza maana ya neno lolote. Wajukuu wa siku hizi huuliza simu. Nilimwambia Waziri arudi baada ya wiki mbili, na asisahau kuchomekea.

*

Nilikuwa nikiishi na mjukuu wangu Tekla, muuguzi wa hospitali ya wilaya, msichana mwenye mikono mizuri na mdomo usiolala. Alinikuta mezani, nimezungukwa na kamusi zangu.

"Babu, maneno yote hayo ya nini?"

"Ni visawe."

"Vya nini?"

"Vya kupiga."

"Nani huyo anayetaka kupigwa kwa visawe?"

"Elimu haiulizi inapelekwa wapi, bibi. Lete chai."

"Hata risasi haiulizi," akasema, akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kwa makusudi.

Nilivikusanya vitenzi thelathini na sita, nikavipanga kuanzia chepesi hadi kizito. Cha kwanza kilikuwa kofi la kiganja. "Flog" nikaeleza kuwa ni kupiga kwa kurudia, kwa kiboko au mkanda, juu ya mtu asiyeweza kukimbia. "Pound" ni kutwanga mfululizo mpaka kitu kibadilike umbo. Cha mwisho kilikuwa "bludgeon", yaani kuponda kwa rungu zito, na kwa kawaida aliyetendewa hainuki tena.

Baba yangu alinifunza kwamba kueleza maana bila kutoa mfano ni uvivu, kwa hiyo kila kitenzi nikakipa sentensi ya mfano. Muuza mihogo alipigwa kofi sokoni. Mkulima alimchapa mbuzi mwenye madoa. Mambo ya kawaida ya kitabuni. Jina la mtu nililiepuka, nisije nikamchafua jirani. Lakini nilipofika kitenzi cha mwisho chai ilikuja, nayo ilikuwa baridi. Nikaandika kwa hasira: Tekla alipondwa kwa rungu, wala hakuinuka. Nilitumia kauli ya kutendwa, isiyomtaja mtendaji, kwa kuwa ndiyo adabu ya maandishi ya serikali.

*

Kitabu kilipigwa chapa kwa jalada la kijani, chenye nembo. Siku ya uzinduzi Mheshimiwa Chondoma alihutubia kwa saa tatu.

"Ndugu wananchi! Leo Taifa letu limetoka katika umaskini wa kitenzi kimoja na kuingia katika utajiri wa vitenzi thelathini na sita! Natamka mbele ya wawakilishi wa mataifa rafiki kwamba kuanzia leo hakuna mtu atakayepigwa katika nchi hii. Hakuna! Na atakayedai kwamba amepigwa atashughulikiwa kwa kitenzi namba kumi na nne!"

Watu walishangilia. Waliochelewa kushangilia walionyeshwa namba mbili papo hapo. Mimi nilivikwa shada la maua, nikakaa mstari wa mbele, mgongo umenyooka.

Jumatatu iliyofuata Tekla alirudi kutoka kazini akiwa na damu kwenye mkono wa gauni lake jeupe.

"Babu, leo tumeletewa muuza mihogo. Taya limevunjika."

"Alipigwa kwa kiganja au kwa ngumi?"

Akanitazama kana kwamba nimevaa nguo ya mtu mwingine. "Kwa kitako cha bunduki."

"Basi wamekosea," nikasema kwa uchungu wa kitaaluma. "Namba moja ni kiganja."

Ndipo nilipofahamu. Kitabu kilikuwa na nembo, kwa hiyo mifano yangu ilikuwa amri. Kila siku ya kazi ilikuwa na sentensi yake, Jumatatu hadi Jumamosi, kwa majuma sita. Baada ya kila sentensi aliyeitekeleza alipaswa kuinakili neno kwa neno katika Hati ya Utekelezaji na kutia saini. Hati hizo zilipelekwa kwa wawakilishi wa mataifa rafiki, ambao walizisoma kwa makini, wakaona neno lililokatazwa halimo, wakasifu upana wa msamiati wetu.

Namba tisa ilikwama kidogo, maana wilaya nzima haikuwa na mbuzi mwenye madoa. Wakampaka rangi mweupe. Namba kumi na sita ilisema kwamba Bwana Afya alimzaba mkewe kwa sababu ya chakula kibaya. Bwana Afya wetu hakuwa na mke, basi akafungishwa ndoa saa tatu asubuhi, akapewa ugali mbichi saa sita, akaamriwa amzabe bibi harusi. Bibi harusi naye akamzaba, kwa nguvu zaidi, akashtakiwa kwa kuongeza maneno katika sentensi ya Serikali. Namba ishirini na nane nilikuwa nimeandika kwamba mvua ilitwanga paa la bohari. Ilikuwa kiangazi. Wakapandishwa askari arobaini juu ya bohari na virungu vyao, wakatwanga mpaka paa likaporomoka. Wawili walikufa. Katika daftari la vifo waliandikwa kuwa matone.

Msomaji anaweza kucheka, kwa kuwa hata mimi nilitabasamu mara moja au mbili. Nilikoma siku ya namba thelathini na mbili, Jumanne ya juma la sita. Nilikuwa nimeandika kwamba fundi viatu alipigwa mpaka nyundo ikavunjika. Walimchukua Yoramu, fundi aliyenishonea viatu nilivyovaa siku ya uzinduzi. Nyundo yake ilikuwa imara. Yoramu alikwisha saa nane mchana. Nyundo ilivunjika saa kumi.

*

Jioni hiyo Tekla aliweka kitabu cha kijani mezani mbele yangu, ukurasa wa mwisho.

"Babu, soma namba thelathini na sita."

"Naijua."

"Isome kwa sauti. Kwa Kiswahili."

Nikakohoa. "Tekla... alishughulikiwa ipasavyo, akapumzika."

"Babu!"

"Ni tafsiri huru."

"Mzungwana angeitafsiri hivyo?"

Habari za Mzungwana nimemsimulia tangu alipoweza kukaa bila kushikwa. Nikaondoa miwani.

"Alipondwa kwa rungu," nikasema. "Hakuinuka."

"Asante. Sasa nipe sababu."

"Chai ilikuwa baridi."

Akacheka, na kicheko hicho nisingependa kukisikia tena. "Nimewashona watu mia na kumi kwa ajili ya sentensi zako, Babu. Kila asubuhi nilijua atakuja nani na atakuwa amevunjika wapi, nikaandaa nyuzi mapema. Muuguzi mkuu alidhani nina maono. Haya, niambie. Jumamosi nani atanishona mimi?"

*

Asubuhi nilikwenda kwa Mpiga Chapa wa Serikali. Nilipokewa na Bi. Melania Sukwa, Msimamizi wa Masahihisho, mama mpole mwenye mihuri saba.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu, kaa. Una shida gani?"

"Marahaba. Nataka kitabu kitolewe upya, toleo la pili, bila sentensi ya mwisho."

"Toleo la pili haliruhusiwi kabla la kwanza halijatekelezwa lote."

"Likitekelezwa lote mjukuu wangu atakuwa amekufa."

"Basi toleo la pili litazingatia hilo." Akafungua jalada. "Lakini usihuzunike, baba yangu. Sentensi inasema Tekla. Haisemi Tekla yupi. Tunao wanne hapa wilayani. Mmoja anauza mkaa pale stendi, yatima, hana hata wa kumlilia. Tia saini hapa tu, tumwandike yeye."

Akanisogezea kalamu. Naungama kwamba niliishika. Niliishika kwa muda wa pumzi mbili, na nilikuwa naishika vizuri, kidole cha shahada juu, kama baba yangu alivyonifunza. Kisha nikaona wino umefika ncha, nikaiweka chini.

"Njia nyingine?"

"Masahihisho. Lakini hayo ni kwa kosa la mwandishi. Utakiri kwamba umekosea Kiingereza."

Miaka thelathini na minane ya ualimu na minane ya kustaafu, sijawahi kukosea Kiingereza. Mbele ya baba yangu nilikosea mara moja tu, nikiwa na miaka tisa.

"Nimekosea," nikasema.

"Kwa sauti, Mwalimu. Na kwa nakala tatu."

"Nimekosea!"

"Makosa mangapi?"

"Matatu. Jina si lenyewe. Kitenzi si chenyewe. Na mtendaji ameachwa nje."

Nikajaza karatasi ya masahihisho kwa Kiingereza changu kilicho safi. Badala ya sentensi ile niliandika nyingine: Serikali ilimpiga Zebulon, mwana wa Tadeo. Kwa kitenzi nilitumia kile kile cha kifungu cha tisa. Bi. Melania akagonga mihuri, mmoja baada ya mwingine.

"Hutaisoma kwanza?"

"Hapa hatusomi, baba yangu. Tunapiga chapa."

*

Jumamosi nilivaa suti yangu ya kustaafia, nikaenda Uwanja wa Utii kwa miguu yangu. Tekla alinifuata na mfuko wa nyuzi na bandeji. Nilimkataza, naye akasema kwamba sentensi mpya haimkatazi. Kamanda Gwandu alikuwa tayari na askari sita, na watu walikuwa wamejaa, maana siku hizo kutazama pia kulikuwa lazima.

Kamanda akaisoma karatasi ya masahihisho huku midomo ikicheza.

"Mwalimu, hili neno ni marufuku."

"Lina nembo?"

"Lina nembo."

"Basi tekeleza."

"Lakini hapa panasema Serikali. Mimi si Serikali, mimi ni Kamanda tu." Akamgeukia aliye karibu. "Wewe je?"

"Mimi koplo, afande. Serikali iko kwenye chakula cha mchana."

"Kailete!" sauti ikatoka nyuma ya umati. "Iambie imeitwa na mwalimu wake!"

Ikaletwa. Mheshimiwa Chondoma alishuka garini na kitambaa cha mezani bado kiko shingoni, na nyuma yake wakashuka wawakilishi watatu wa mataifa rafiki waliokuwa wakila naye, ambao walipenda kuona utamaduni. Akasoma. Kutotii nembo ni kunyongwa, na sheria hiyo aliitunga mwenyewe.

"Mwalimu, umenifanyia nini?"

"Nimekuandikia sentensi kamili. Darasani zilikushinda."

"Piga, Serikali!" wakapaza sauti. "Mbona unachelewa? Sisi hukutuchelewea!"

Akachukua rungu kwa Kamanda. Sitalipamba lililofuata. Pigo la kwanza lilivunja kifundo cha mkono wangu wa kulia, nikasikia mfupa ukilia kama chaki. La pili lilinipata sikioni, na upande huo dunia ikanyamaza mpaka leo. Mwanzoni alipiga kama mtu anayefanya kazi. Baadaye alianza kusema.

"Hii ya tahajia! Hii ya kuchelewa, siku ya msiba wa mama yangu! Hii ya kalamu niliyoazima! Hii ya kucheka!"

Mbavu zikaenda, na meno, na damu ikaingia machoni. Yeye alivikumbuka viboko vyangu vyote, kimoja kimoja, na sababu zake. Mimi, niliyelala mavumbini, nilijaribu kukikumbuka hata kimoja, nikashindwa.

Aliacha kwa kuchoka. Kamanda Gwandu akamletea Hati ya Utekelezaji, maana anayetekeleza ndiye anayeandika. Chondoma akaandika, neno kwa neno: Serikali ilimpiga Zebulon, mwana wa Tadeo. Akatia saini. Mwakilishi mmoja akaomba aione. Akaisoma, akaisoma tena, akafuta midomo.

"Neno hili limo katika Mkataba," akasema kwa masikitiko.

Zile hati thelathini na tano walikuwa wamezisoma pia. Lakini katika hizo hapakuwa na mtu aliyepigwa. Wakapanda magari yao bila kurudi mezani, na Jumanne Chondoma akafukuzwa kazi, kwa tangazo lenye nembo.

Tekla alinishona pale pale, mbele ya watu. "Tulia, Babu," akasema, nyuzi mdomoni. "Leo chai itakuwa ya moto."

*

Msifurahi mapema. Waziri mpya ameapishwa. Virungu havikustaafu. Nasikia anatafutwa mwalimu mwenye Kiingereza safi zaidi, wa kuandaa toleo la pili.

Ndiyo maana nawaambieni nyinyi vijana, hasa mliofaulu vizuri. Kaeni wima. Gari litasimama mlangoni kwako, mtu atavua kofia na kukuamkia kwa heshima, wala hatakuomba rungu. Atakuomba neno tu. Utaona fahari, kama nilivyoiona mimi, na mtu usiyemjua atakufa saa nane mchana kwa sababu ya nyundo uliyoitunga wewe.

Maneno haya anayaandika Tekla, maana mkono wangu umeunga vibaya. Nanyi chukueni kalamu. Andikeni: Yoramu fundi viatu alipigwa mpaka akafa. Sasa sahihisheni kosa lililomo. Nani alimpiga? Kwa amri ya nani? Na nani aliyemwandikia maneno huyo aliyeamuru? Jibuni kwa sentensi kamili, yenye majina. Jibu la swali la mwisho lisiwasumbue. Lipo mstari wa kwanza wa habari hii.